Vijiji Kumi vya India Vyenye Rekodi, na Watu Wanaoishi Humo

India ina vijiji karibu 641,000. Makarani wa sensa ya 2011 walipovipitia vyote, walikuta watu katika vijiji 597,000 hivi. Vilivyobaki, zaidi ya 40,000, vilikuwa majina tu kwenye daftari za ardhi: mipaka ipo, mashamba labda yanalimwa na jirani, lakini hakuna anayelala hapo. Katika vile vyenye watu waliishi milioni 833, wakati taifa zima lilikuwa na bilioni 1.21. Idadi hiyo ya wanavijiji peke yao inawazidi watu wote wa bara la Ulaya.

Umati huo haukukaa kama familia moja kubwa. Karibu kila kijiji kimegawanyika kwa jati, yaani kundi ambalo mtu huzaliwa nalo na ambalo kwa karne nyingi limeamua kazi yake, mtu atakayemuoa, upande wa kijiji atakaojenga na kisima atakachochota maji. Mwaka 2011, kati ya wanavijiji 100, zaidi ya 18 walikuwa wa makundi ambayo serikali huyaorodhesha kwa sababu yalitengwa na kuitwa “wasioguswa”, ambao wengi wao leo hujiita Wadalit. Wengine 11 walikuwa wa makabila ya asili, yale ya misituni na milimani. Waliobaki ni Wahindu wa jati nyingine nyingi, Waislamu, Masingasinga, Wakristo, Wabudha na Wajaini.

Penye wengi pana mengi, na vijiji hivi vina rekodi za kila namna. Nimechagua kumi. Nimeacha zile za kustaajabisha macho tu, nikabaki na zile zinazotufundisha jambo kuhusu watu: wako wangapi, ni akina nani, na wanaishije pamoja.

1. Kinachosifiwa kwa ukubwa: Gahmar

Wilaya ya Ghazipur iko mashariki mwa Uttar Pradesh, jimbo lenye watu wengi kuliko yote India na lenye vijiji zaidi ya laki moja. Huko utaambiwa kwamba Gahmar ndicho kijiji kikubwa kuliko vyote barani Asia. Wenyeji hutaja watu laki moja na zaidi. Sensa huandika idadi iliyo chini sana ya hapo, lakini hata hiyo ya sensa ingetosha kuitwa mji katika nchi nyingi.

Kwa nini basi kibaki kijiji? Sensa ya India haiangalii wingi wa watu peke yake. Mahali pasipo na halmashauri ya mji huhesabiwa kuwa mji pakitimiza masharti matatu: watu wasiopungua 5,000, watu 400 katika kila kilomita ya mraba, na robo tatu ya wanaume wenye kazi za kudumu wawe hawategemei kilimo. Sharti moja likikosekana, mahali hapo ni kijiji, hata pakiwa na msongamano wa sokoni.

Gahmar kinajulikana pia kwa wanajeshi. Kibao cha kumbukumbu kijijini hapo kinaeleza kwamba wanaume 228 walitoka humo kwenda Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na 21 hawakurudi. Jeshi limeendelea kuwa ajira ya vizazi na vizazi, hasa kwa Warajput, jati yenye nguvu kijijini. Kijana kukimbia barabarani alfajiri akijiandaa na usaili wa jeshi ni jambo la kawaida pale.

2. Kituo chenye mpiga kura mmoja: Malogam

Sasa twende upande wa pili wa hesabu. Kanuni za uchaguzi za India zinataka raia asitembee zaidi ya kilomita 2 kufika kituoni. Katika wilaya ya Anjaw, jimbo la Arunachal Pradesh, karibu na mpaka wa China, kitongoji cha Malogam kina watu wachache, na katika uchaguzi wa 2019 na wa 2024 mwanamke mmoja peke yake ndiye aliyekuwa ameandikishwa kupiga kura pale.

Mwaka 2024 maofisa walibeba mashine ya kura, wakasafiri kilomita 39 hivi milimani, sehemu ya njia kwa miguu, wakafungua kituo kwa ajili yake. Wapo wanaoona hiyo ni gharama isiyo na maana. Mimi naona ndiyo maana yenyewe ya kuhesabu watu: aliye peke yake mlimani ana uzito uleule wa aliye katikati ya Delhi.

3. Kinachopigia kura juu kuliko vyote: Tashigang

Katika bonde la Spiti, jimbo la Himachal Pradesh, kuna kituo cha kura kilicho juu kuliko vyote duniani. Tashigang iko futi 15,256 juu ya usawa wa bahari, yaani mita 4,650. Wapiga kura wake ni kadiri ya 60, wakiwemo majirani wa kitongoji cha Gete. Kabla ya 2019 sifa hiyo ilikuwa ya Hikkim, kijiji cha bonde hilohilo chenye posta maarufu kwa kuwa juu.

Watu wa Spiti ni Wabudha, na lugha yao ni ndugu ya Kitibeti. Hulima shayiri na njegere katika majira mafupi ya joto. Kwa desturi yao ya zamani mtoto wa kwanza wa kiume alirithi nyumba kubwa na shamba lote, wazazi wakahamia nyumba ndogo, na wadogo zake wengi wakaingia utawani. Utaratibu huo ulizuia shamba kukatwakatwa, na pia uliwazuia watu kuongezeka kupita uwezo wa ardhi. Himachal Pradesh nzima bado ni ya vijijini: mwaka 2011 watu 90 kati ya 100 waliishi nje ya miji.

4. Kijiji cha mapacha: Kodinhi

Kodinhi iko wilaya ya Malappuram, jimbo la Kerala, katika ukanda wenye Waislamu wengi. Mwaka 2008 wenyeji walipojihesabu walikuta zaidi ya jozi 200 za mapacha katika familia kadiri ya 2,000, na hesabu za baadaye zimepanda hadi jozi 400 hivi. India kwa jumla huwa na uzazi wa mapacha takribani 9 katika kila uzazi 1,000. Kodinhi hutajwa kuwa na mara nne au tano ya hapo.

Watafiti wamefika kuchukua sampuli za mate na damu, wakapima maji na vyakula, wakalinganisha na mahali kwingine penye mapacha wengi, kama Igbo-Ora nchini Nigeria. Hakuna jibu moja lililokubaliwa. Wakati sayansi ikiendelea kutafuta, wenyeji walifanya la maana zaidi kwao: waliunda chama cha mapacha na jamaa zao, kusaidiana kwa gharama za kujifungua na kulea wawili kwa mpigo. Walimu wa shule za pale wamezoea kumwita mwanafunzi kwa jina akaitika pacha wake.

5. Kila mtu na wimbo wake: Kongthong

Katika milima ya Khasi, jimbo la Meghalaya, kijiji cha Kongthong kina watu kadiri ya 700, na kila mmoja ana jina la kuandikwa na jina la kuimbwa. Mtoto akizaliwa, mama yake humtungia mluzi au sauti isiyo na maneno. Ufupi wake hutumika nyumbani: mama yuko jikoni, anaachia sauti tatu au nne, na mtoto aliye kwenye kundi la wenzake anajua ni yeye anayeitwa. Urefu wake huimbwa msituni, kwa sababu huvuka bonde bila kupotea. Mwenyewe akifa, wimbo wake hauazimwi na mwingine. Desturi hiyo huitwa jingrwai iawbei, na inamhusisha mtoto na bibi mkuu wa ukoo.

Bibi huyo hatajwi kwa heshima tu. Wakhasi huhesabu ukoo kwa mama. Mtoto huchukua jina la ukoo wa mama, na binti wa mwisho ndiye hurithi nyumba na kuwatunza wazazi mpaka mwisho. Pamoja na hayo, baraza la jadi la kijiji limekuwa la wanaume. Mwanamke ana ufunguo wa nyumba, mjomba na mume ndio wanaozungumza barazani. Wanawake wa Khasi wamekuwa wakidai mlango huo nao ufunguliwe, na wana haki.

6. Miti mingi zaidi kwa kila binti: Piplantri

Rekodi inayoiumiza India ni ya watoto wasiozaliwa. Mwaka 1991, kwa kila wavulana 1,000 wa chini ya miaka 7, kulikuwa na wasichana 945. Mwaka 2001 wakawa 927, na mwaka 2011 wakawa 919. Jimbo la Haryana lilifikia 834. Sababu inajulikana: mimba za kike kutolewa baada ya kipimo cha picha, ingawa sheria ya 1994 inakataza kupima jinsia kwa lengo hilo. Nyuma yake kuna mzigo wa mahari, ambayo huko hutolewa na upande wa bibi harusi, na kuna imani kwamba mtoto wa kiume ndiye wa kuwatunza wazazi.

Piplantri, wilaya ya Rajsamand katika Rajasthan, kilijibu kwa vitendo. Mwenyekiti wa kijiji wakati huo, Shyam Sundar Paliwal, alifiwa na binti yake, na kuanzia mwaka 2006 kijiji kikaweka utaratibu: kila msichana akizaliwa, hupandwa miti 111. Wazazi na wanakijiji huchanga fedha zinazowekwa benki kwa jina la mtoto hadi akue. Wazazi hutia saini kwamba hawatamwoza kabla ya miaka 18 na kwamba atasoma. Kuzunguka miti hupandwa mishubiri ya kuzuia mchwa, na mishubiri hiyo ikawa bidhaa ya kuuza. Mwaka 2021 serikali ilimtunuku Paliwal nishani ya Padma Shri. Eneo lililokuwa limekwanguliwa na machimbo ya marumaru sasa lina kivuli, na binti anayezaliwa pale hupokewa kwa shangwe ya kijiji kizima.

7. Cha mwisho kupata umeme: Leisang

Tarehe 28 Aprili 2018 taa ziliwaka Leisang, kijiji kidogo cha milimani katika jimbo la Manipur, kaskazini mashariki. Serikali ikatangaza kwamba vijiji vyote 597,464 vilivyokuwa kwenye orodha ya sensa sasa vina umeme. Leisang ilikuwa na familia 19.

Msomaji ajue kipimo kilichotumika. Kijiji huhesabiwa kimepata umeme nyaya zikifika kwenye majengo ya umma na nyumba 10 katika kila 100. Kwa hiyo kijiji kinaweza kuingia kwenye rekodi huku nyumba nyingi zikiwa gizani, na mara nyingi zilizochelewa ni za Wadalit, ambao vitongoji vyao hujengwa kando, mbali na nguzo ya kwanza. Mpango mwingine wa taifa ulilenga nyumba moja moja, na hapo ndipo mamilioni ya kaya yalipofikiwa.

8. Kinachotajwa kwa utajiri: Madhapar

Karibu na mji wa Bhuj, wilaya ya Kutch katika Gujarat, kuna kijiji ambacho magazeti ya India hukitaja miongoni mwa vyenye utajiri mkubwa zaidi duniani. Madhapar hutajwa kuwa na matawi 17 ya benki na amana za rupia bilioni 50 hadi 70. Fedha hizo hazikutoka kwenye mashamba ya pale, maana Kutch ni nchi kavu. Zilitoka kwa watoto wa kijiji walio ng'ambo.

Msomaji wa Nairobi, Mombasa au Kampala huenda anawafahamu. Wapatel wa Kutch walivuka bahari kuja Afrika Mashariki, wengi wakawa mafundi na wakandarasi wa ujenzi, na majengo yao bado yamesimama katika miji yetu. Kutoka hapa wengine wakaendelea hadi Uingereza na Marekani. Popote walipofika walifungua vyama vya watu wa kijiji kimoja, wakaoana kwa kufuata jamaa za nyumbani, wakapeleka akiba Madhapar. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, na hawa waliendelea kucheza kwao hata wakiwa mbali.

Lakini fahari kubwa ya Madhapar si benki. Desemba 1971, wakati wa vita vya India na Pakistan, ndege za Pakistan zilibomoa njia ya kurukia ya kambi ya anga ya Bhuj. Mafundi hawakutosha. Wanawake wapatao 300, wengi wao wa Madhapar, waliacha nyumba zao, wakabeba mawe na saruji, na kwa saa 72 wakaikarabati njia hiyo. Walivaa sari za kijani ili wafanane na vichaka, na king'ora kilipolia walikimbilia kwenye mahandaki kisha wakarudi kazini. Leo mnara wao umesimama kijijini. Ukitaka kujua utajiri wa mahali, anza na watu wa namna hiyo.

9. Afrika ndani ya Gujarat: Jambur

Pembeni mwa msitu wa Gir, makao ya simba wa Asia walio porini, kipo kijiji cha Jambur. Karibu wakazi wake wote ni Wasidi, wazao wa Waafrika waliofika India kwa karne nyingi kama watumwa, askari, mabaharia na wafanyabiashara, wakiwemo waliopitishwa kwenye pwani ya Afrika Mashariki. Wanazungumza Kigujarati, wanakula na kuvaa kama majirani zao, na Wasidi wengi wa Gujarat ni Waislamu. Wenzao wa Karnataka, kusini zaidi, wamo Wahindu, Waislamu na Wakristo.

Mtakatifu wanayemheshimu zaidi ni Bava Gor, aliyezikwa Ratanpur katika wilaya ya Bharuch, ambaye kwa mapokeo alitoka Afrika na kuanzisha biashara ya akiki. Kwenye maadhimisho yake hupigwa goma. Ngoma za miguu zinasimama chini, vijiti vinagonga, na mzee mmoja anashika malunga: upinde wa waya mmoja wenye kibuyu, anaougonga kwa ufito huku akikibana na kukiachia kibuyu tumboni ili sauti ibadilike. Mtu wa pwani yetu akiisikia haambiwi ilikotoka.

Wasidi wa upande wa Saurashtra, Jambur ikiwemo, walitambuliwa kisheria kuwa kabila la asili mwaka 1956, na wale wa Karnataka mwaka 2003. Utambuzi huo huwapa nafasi katika shule, ajira na siasa. Mwaka 2020 Shantaram Siddi aliingia bunge la juu la jimbo la Karnataka, Msidi wa kwanza kufika hapo. Hata hivyo Wasidi bado huulizwa njiani wametoka nchi gani, katika ardhi waliyoishi kwa karne nyingi.

10. Kilichochunguzwa kuliko karibu vyote: Palanpur

Nimekiweka mwisho kwa sababu ndicho kinachotufundisha mengi zaidi, na hakina kivutio chochote cha kupiga picha. Palanpur iko wilaya ya Moradabad, Uttar Pradesh: nyumba za matofali na udongo, mashamba ya ngano na miwa, na kituo kidogo cha reli. Tangu 1957 watafiti wamerudi humo karibu kila muongo, nyumba kwa nyumba, kuuliza nani anaishi hapa, ana ardhi kiasi gani, anafanya kazi gani, anadaiwa nini. Wanauchumi Christopher Bliss na Nicholas Stern walifika miaka ya 1970. Jean Drèze aliishi humo mwaka 1983 na 1984. Kitabu cha 2018 cha Himanshu, Peter Lanjouw na Stern kimekusanya simulizi ya miongo hiyo yote.

Mwaka 1957–58 Palanpur ilikuwa na watu 528. Mwaka 2008–09 walikuwa 1,255. Ardhi ilibaki ileile. Katika nafasi hiyo ndogo wanaishi Wathakur, waliokuwa wakubwa wa zamani na walioona haya kumlimia mtu mwingine. Wamurao, wakulima hodari. Wadhimar na Wagadaria. Wateli na Wadhobi, ambao ni Waislamu. Na Wajatab, Wadalit waliokuwa chini kabisa, wengi bila shamba la kutosha kujilisha.

Mapinduzi ya kilimo yalipoleta mbegu bora na pampu za maji, Wamurao ndio walionufaika zaidi, kwa kuwa walikuwa na ardhi na hawakuidharau kazi ya mikono. Heshima ya Wathakur ilianza kupata mshindani. Baadaye shamba likawa dogo kwa kila kaya, na wanaume wakaanza kupanda treni asubuhi kwenda kwenye viwanda na karakana za Moradabad na Chandausi, au kwenye matanuru ya matofali. Hapo hata Wajatab walipata mlango wa kutokea, kwa kuwa tajiri wa mjini hamiliki mashamba ya kijijini kwao. Maisha yaliinuka, lakini pengo kati ya aliyefanikiwa na aliyekwama likapanuka, na wanawake walibaki nyuma sana kwa elimu na kwa kazi ya malipo. Mambo hayo yote yangefichika kama mtafiti angeandika “watu 1,255” akafunga daftari.

Rekodi inayosubiriwa

Sensa ya 2021 iliahirishwa kwa sababu ya Uviko. Sasa imepangwa kukamilika kwa tarehe ya hesabu ya 1 Machi 2027, na itauliza kila mtu jati yake, jambo ambalo sensa ya India haikulifanya kwa jati zote tangu 1931. Wapo wanaohofu kwamba swali hilo litakoleza mgawanyiko. Naliunga mkono. Kundi lisilohesabiwa haliwezi kudai fungu lake la shule, maji na viti. Mfano upo tayari: tangu marekebisho ya katiba yaliyoanza kutumika Aprili 1993, theluthi ya viti vya mabaraza ya vijiji hutengewa wanawake, na majimbo mengi yamefikisha nusu. Wadalit na makabila ya asili nao wana viti kwa kadiri ya idadi yao. Viti hivyo hugombewa kwa kura. Leo wanawake zaidi ya milioni 1.4 wamo kwenye mabaraza hayo, na hiyo kwangu ndiyo rekodi kubwa kuliko zote kumi nilizotaja.

Basi, msomaji, ukisikia kijiji kinasifiwa kuwa cha kwanza kwa lolote, India au kwingineko, uliza mambo matatu kabla ya kushangilia: nani amehesabiwa, nani ana ardhi, na nani ana sauti barazani. Kijiji chenye majibu mazuri kwa maswali hayo kinastahili sifa, hata kama hakuna gazeti lililowahi kukitaja.